Maisha ya Kunigunda Dippold, Mpika Bia wa Steinloh

Baba Paroko, Mheshimiwa Meya, ndugu wa marehemu, majirani, na ninyi mliosimama nje kwenye theluji kwa sababu kanisa letu halikujengwa kwa umati wa namna hii, jina langu ni Ottmar Reinlein, mimi ni mkwe wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea historia yake kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba watoto wake wamesema sauti zao hazitafika mwisho wa karatasi, na ya pili ni kwamba mwenyewe aliagiza hivyo, akatumia maneno ambayo sina budi kuyarudia kama yalivyo, "Asome Ottmar, maana barua mbaya kuliko zote nilizowahi kusomewa nilisomewa na yeye, basi na hii aisome."

Marehemu Kunigunda, ambaye wengi wenu mlimwita Gunda, na watoto wa shule walimwita Bibi Mwiko wakidhani hasikii, alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 katika nyumba namba 14 hapa hapa Steinloh, Frankonia ya Juu, akiwa mtoto wa pekee wa mzee Pankraz Schrüfer, mkulima, na mkewe Ottilie. Ninataja namba ya nyumba kwa makusudi, kwa sababu katika kijiji hiki namba ya nyumba ina uzito zaidi kuliko ukoo, nyumba kumi na moja kati ya arobaini zina haki ya kupika katika jiko la bia la kijiji, haki hiyo imeshikamana na nyumba wala si na mtu, na kila nyumba hupika kwa zamu yake, hubeba togwa ya shayiri hadi kwenye handaki lake chini ya nyumba, huiachia hamira ifanye kazi yake, na bia ikishaiva hutundika tawi la msonobari mbele ya mlango, na hapo sebule ya watu inageuka kilabu cha kijiji mpaka pipa la mwisho likauke. Gunda alibatizwa kwenye kisima cha ubatizo kile pale tarehe 8 Machi 1931, na siku hiyo hiyo baba yake alimlambisha povu la bia kwa ncha ya kidole, jambo ambalo mama Ottilie alilinunia kwa siku tatu.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1937 na kumaliza mwaka 1945, ingawa miezi ya mwisho shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita na mwalimu alikuwa ameshachukuliwa jeshini. Baba yake naye alichukuliwa mwaka 1943, akapotea upande wa mashariki mwezi Julai 1944, kaburi lake hatulijui hadi leo, na mama Ottilie aliendelea kumtandikia kitanda hadi mwaka 1950.

Katika miaka ile ya njaa shayiri iliishia kwenye mikate, jiko la bia likakaa baridi, na popo wakazaliana ndani ya bomba la moshi. Moto uliwashwa tena vuli ya mwaka 1948, na zamu ya namba 14 ilipofika, tarehe 6 Novemba, Gunda mwenye umri wa miaka kumi na saba alisukuma mkokoteni wa kimea hadi mlangoni, akamkuta mzee Baptist Zenk, mpika mkuu wa kijiji, amesimama katikati ya mlango na mikono ameikunja.

"Binti, rudi nyumbani ukamwite mwanamume," mzee Zenk alisema.

"Mwanamume wetu yuko Urusi na hajaandika. Nimwite vipi?"

"Mwanamke akikanyaga humu bia inachacha."

"Na bia isiyochachuka ni uji, mzee Zenk. Nipishe, kimea kinalowa."

Mzee Zenk alimpisha, si kwa kushawishika bali kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha kweli na kimea cha watu hakina kosa, kisha akamwadhibu kwa kumpa kazi ya kusugua sufuria kuu la shaba kwa mwaka mzima, na Gunda alilisugua kwa namna ambayo mwaka uliofuata mzee alijiona ndani yake akashtuka jinsi alivyozeeka. Kuanzia hapo alimfundisha kila kitu, kupima joto kwa kiwiko, kujua kwa harufu wakati wa kutia hopsi, yale maua machungu yanayoipa bia ladha, kusikiliza pipa kwa sikio kama daktari anavyosikiliza kifua, na mwaka 1959 mgongo ulipomshinda, alimkabidhi mwiko mkubwa mbele ya wenye nyumba wote kumi na mmoja, watatu wakatoka nje kwa hasira, nao walirudi wiki ya pili kwa sababu tawi lililokuwa limetundikwa kijijini lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Gunda.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na marehemu Lorenz Dippold, fundi wa mapipa kutoka kijiji cha Weidenthal, tarehe 9 Mei 1953 katika kanisa hili. Lorenz alikuwa mtu wa maneno machache, na inasemekana uchumba wao ulitokana na pipa moja ambalo Gunda alimrudishia mara tatu akidai linavuja, na mara ya tatu Lorenz alilijaza maji, akakaa analitazama nusu saa nzima, akasema, "Hili pipa halivuji," naye Gunda akajibu, "Najua." Mungu aliwajalia watoto wawili, Alfons aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1954, ambaye yuko hapa mbele, na Walburga aliyezaliwa tarehe 25 Februari 1957, ambaye ni mke wangu. Lorenz alifariki tarehe 17 Novemba 1966 akikata mwaloni wa kutengenezea mapipa, mti ulianguka upande ambao hakuna aliyeutegemea, na Gunda akabaki na watoto wa miaka kumi na miwili na tisa. Wiki tatu baadaye tawi la msonobari lilikuwa mlangoni pake, na wako waliosema mjane huyu hana aibu, na kwao alituma jibu kupitia mama Ottilie, kwamba wakitaka alie, waje watazame, analia akikoroga, mikono haijui habari za macho.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya kwa vilabu vyote vya upande huu wa nchi, si kwetu tu. Kiwanda cha bia cha mjini Ebrachsfeld, ambacho sote tulikijua kwa malori yake ya kijani, kilituma wakala wake kutoka kijiji hadi kijiji akiwa na viti vipya, majokofu, na ubao wa taa wa kutundika mlangoni, vyote bure, kwa sharti moja tu, kwamba mwenye kilabu atie sahihi asiuze bia nyingine yoyote. Vijiji vyenye wapishi wazuri kuliko sisi vilinyamaza, masufuria ya shaba yakauzwa kama chakavu, na hapa Steinloh nyumba nane kati ya kumi na moja zilitia sahihi kabla ya mwaka 1976, ya tisa ilibaki tupu wenyewe walipohamia Nuremberg mwanzoni mwa 1978, zikabaki mbili tu zinazopika, ya kina Zenk na ya Gunda. Wakala alimwendea Gunda mara nne, na mara ya nne alimwambia, "Mama, dunia imebadilika," naye akamjibu, "Basi iambie dunia ije yenyewe, isitume wewe."

Sasa nimefika mahali ambapo mimi mwenyewe naingia katika historia hii, na siingii kwa sifa. Mwezi Mei 1978 kijiji chetu kiliunganishwa na mji wa Ebrachsfeld, nami nilikuwa karani wa halmashauri ya mji huo, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye viatu vilivyong'aa, na tarehe 11 Oktoba 1978 nilitumwa kupeleka barua kwa Bi Kunigunda Dippold. Nilimkuta kwenye jiko la bia, mvuke umejaa hadi darini, anakoroga.

"Isome kwa sauti," alisema, "mikono yangu imelowa."

Nikasoma. Barua ilisema kwamba kwa kanuni ya jiko la bia iliyoandikwa mwaka 1824, jengo ni mali ya nyumba zenye haki ya kupika, ilimradi nyumba zisizopungua tatu zinapika humo kila mwaka, na kwa kuwa mwaka huo zilikuwa zimepika mbili tu, ikifika tarehe 31 Desemba bila nyumba ya tatu kupika, jengo litakuwa mali ya halmashauri, nalo litabomolewa mwezi Januari ili kupata mahali pa kuegesha gari la zimamoto. Nilisoma hadi jina la aliyetia sahihi, na muda wote ule hakuacha kukoroga, mikono yake ilikuwa na alama za kuungua kuanzia vidoleni hadi viwikoni, mpya juu ya za zamani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi shika mwiko huku, nikachukue hopsi. Usisimamishe, itashika chini."

Nilikoroga kwa saa mbili na viatu vile vile, na niliporudi ofisini nilinuka kimea hadi mkuu wangu akafungua dirisha.

Gunda alianza kupiga hodi mlango kwa mlango katika zile nyumba nane. Kila mmoja alimkaribisha, akampa kiti cha kiwanda, akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Ägidius Kraus wa namba 3, ambaye ndiye aliyekuwa na kilabu kikubwa kuliko vyote, alimwambia, "Gunda, nimetia sahihi. Nikipika wananinyang'anya hata viti," naye akamjibu, "Vita vilipoisha tulikaa sakafuni, Ägidius, na tulikunywa." Gunda hakurudi tena kwake.

Tarehe 20 Novemba aliingia ofisini kwangu na mabuti yenye tope, akapita mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, akasimama mbele ya meza yangu.

"Bwana karani, wewe unalala wapi?"

"Nimepanga chumba juu ya duka la mikate, mama."

"Kuanzia wiki ijayo unalala Steinloh, namba tisa. Nimempigia simu mwenyewe huko Nuremberg, amekubali kukupangisha, funguo ninazo hapa. Haki ya kupika ni ya nyumba, na anayelala humo ndiye mpika."

"Lakini mama, mimi ndiye niliyeleta ile barua."

"Ndiyo maana unaijua vizuri kuliko wote."

Wengi wameniuliza kwa miaka hii yote kwa nini nilikubali, na napenda kusema ilikuwa kwa ajili ya haki, lakini hapa mbele ya jeneza lake siwezi kudanganya, sehemu moja ni kwamba nilikuwa nimeonja bia, sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa nimemwona Walburga, na sehemu kubwa zaidi ni aibu, kwa sababu nilikuwa nimemsomea mtu hukumu yake na yeye akanipa kazi. Nilihamia namba 9 tarehe 27 Novemba, paa lilivuja juu ya kitanda, na mkuu wangu aliponiita alisema, "Reinlein, umerogwa na mwiko?" nami nilisema inawezekana, na kuanzia mwezi Januari nikahamishiwa chumba cha majalada, mahali ambapo nilifanya kazi kwa amani miaka thelathini na tano.

Siku ya kupika kwa namba 9 ilipangwa Jumamosi tarehe 30 Desemba, kwa sababu ya kwanza Gunda alitaka hopsi nzuri na ya pili nilikuwa bado najifunza nisiunguze. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilishuka baridi ambayo walioikuta wanaikumbuka, na asubuhi tulipofungua jiko la bia tulikuta bomba la maji limepasuka urefu wa mkono, barafu imechungulia nje, na hakuna fundi wa kuja kijijini barabara ikiwa vile. Kupika kunahitaji maji lita elfu moja na zaidi, na sisi tulikuwa watatu, Gunda, Walburga na mimi, na ndoo mbili. Gunda aliwasha moto, akachukua ndoo, akaenda kisimani kwake, akarudi, akamimina, akaenda tena. Watu walikuwa wakitutazama madirishani, na mimi niliwahesabia dhambi kila mmoja kwa jina.

Ilipofika saa tatu asubuhi, Ägidius Kraus alitokea nyumbani kwake akivuta kigari cha theluji, juu yake madumu manne ya maziwa yamejaa maji ya moto kutoka jikoni kwa mkewe. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Mkataba unanikataza kuuza bia yako, Gunda," alisema. "Niliusoma tena jana, wote. Haunikatazi kubeba maji."

"Mimina polepole," Gunda alimwambia, "usinizimie moto."

Nyuma yake wakaja wa namba 5, kisha wa namba 12 na wanawe, kisha wa namba 7 ambaye hakuwa amezungumza na Ägidius tangu kesi ya mpaka wa shamba, na kabla ya saa tano nyumba zote nane zilizotia sahihi zilikuwa kwenye mstari kutoka kwenye majiko yao hadi sufuria la shaba, na mama Ottilie, aliyekuwa na miaka sabini na minne, aliletewa kiti akakaa akihesabu madumu kwa sauti ili mtu asije akasema baadaye kwamba hakuwapo. Saa kumi jioni togwa ya namba 9 ilikuwa imeshuka kwenye handaki langu, ikiwa nzuri, yenye rangi ya asali, na mimi ndiye niliyekoroga.

Tarehe 3 Januari 1979 mkuu wangu alikuja mwenyewe kukagua, akashuka handakini, akagusa pipa.

"Hii ni bia?"

"Bado ni changa," Gunda alimjibu. "Rudi mwezi wa pili, utapokelewa vizuri."

Halmashauri iliufuta mpango wa kubomoa tarehe 14 Februari 1979, gari la zimamoto likajengewa banda zuri karibu na njia kuu ambako ndiko lilikostahili tangu mwanzo, na mkuu wangu alirudi kweli, akanywa glasi nne, akaondoka, na kwa Gunda hilo lilihesabika kama kuomba radhi. Mimi na Walburga tulifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981, na Mungu akatujalia Sebald, Rosina na Veit, ambao pamoja na watoto wawili wa Alfons ndio wajukuu watano aliowaacha, na vitukuu vinne. Mikataba ya kiwanda ilipokwisha nyumba zilirudi moja moja, ya kwanza ikiwa ya Ägidius mwaka 1984, na leo, ndugu zangu, nyumba zinazopika Steinloh ni tisa, na kile kiwanda kilifungwa mwaka 1997, jina lake limeuzwa na linabandikwa kwenye chupa zinazojazwa mbali na hapa. Siku hiyo tulidhani marehemu atafurahi, lakini alivua kitambaa cha kichwa, akasema, "Walikuwa na wapishi wazuri pale. Waliouza si wapishi."

Mwaka 2006 walikuja waheshimiwa waliotaka jiko la bia liwe makumbusho, na yeye avae mavazi ya zamani awaonyeshe wageni jinsi watu walivyokuwa wakipika, na nilikuwapo alipowajibu, "Walivyokuwa? Njooni Alhamisi, na mje na mabuti." Alikabidhi mwiko kwa Walburga tarehe 3 Machi 2011, alipotimiza miaka themanini, na baada ya hapo hakupika tena bali alionja tu, na kuonja kwake kulitutisha kuliko kupika.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alivunjika nyonga tarehe 8 Oktoba 2022 akishuka handakini, akatibiwa, akarudi kutembea kwa fimbo, na mwaka uliofuata moyo ulianza kuchoka. Daktari Hannelore Pfuhlmann alimsihi aache bia, naye akamwambia, "Binti yangu, nimeshazika madaktari watatu walionishauri hivyo," lakini dawa zake alizimeza zote, na daktari alimpenda, na yeye alimpenda daktari.

Mwezi Desemba uliopita ilifika barua nyingine kutoka halmashauri, Mheshimiwa Meya anaifahamu, inayosema kwamba moshi wa kuni wa jiko la bia unawasumbua wakazi wa nyumba mpya za kilimani, na kwamba itafaa upishi usimame hadi uamuzi utakapotolewa. Nilimsomea akiwa kitandani. Alinisikiliza hadi jina la aliyetia sahihi, kama mara ya kwanza, akasema niandike hivi, nami niliandika, na nakala iko mfukoni mwangu, "Mheshimiwa, moshi huu ulikuwapo kabla ya nyumba hizo, kabla yako na kabla yangu. Tutaweka bomba refu zaidi, fundi ameshapima. Kusimama hatusimami. Karibu kwa glasi."

Tarehe 6 Januari zamu za mwaka zilipigiwa kura kama kawaida, namba 14 ikaangukia Jumamosi tarehe 18, yaani leo. Marehemu alipoambiwa alituita mimi na Walburga, akasema kimea kimeshasagwa na hakitamngoja mtu, awe mzima au awe maiti, na akamtaka Walburga aape, naye akaapa. Alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake namba 14, katika chumba kile kile alichozaliwa, akiwa na umri wa miaka tisini na mitatu.

Basi ninyi mnaotazamana na kuulizana binti wa marehemu yuko wapi siku ya kumzika mama yake, na najua mnaulizana kwa sababu nimewasikia hapo nje, jibu ni kwamba Walburga yuko hatua mia mbili kutoka hapa, amesimama juu ya sufuria la shaba tangu alfajiri, na pamoja naye wapo watu wa nyumba nyingine nane, wakipokezana ili kila mmoja apate kuja kumuaga marehemu, na zamu ya mke wangu kuja ni wakati wa kushusha jeneza, wala si kabla. Tutakapotoka nje mtaona moshi. Tunaomba mtu asiinamishe uso kwa ajili ya moshi huo.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Pfuhlmann na wauguzi waliokuja nyumbani hata barabara ilipokuwa kioo, nawashukuru majirani waliokata kuni na kuchimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda kama jiwe, nawashukuru wapishi wenzake wa vijiji vyote vya bonde hili waliokuja na miiko yao na kuipanga ukutani hapo nyuma, nakushukuru Baba Paroko, nakushukuru na wewe Mheshimiwa Meya kwa kuja kwako, maana hukulazimika, na ile glasi uliyokaribishwa bado ni yako.

Na wewe Mama, pumzika. Kuni zipo za kutosha hadi Pasaka, na baada ya Pasaka tutakata nyingine.